Njia ya Saba, Kutoka Juu

Mwanamume anayekwenda kujitambulisha kwa wakwe huchelewa kwa woga au huwahi kwa woga. Kilomita aliwahi. Saa nne waliyopatana ilikuwa bado nusu saa nzima, na Fundi alikuwa karakanani, chini ya nyumba yao, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, gauni la kumpokelea mgeni likiwa bado limening'inia kwenye msumari.

"Wee! Nani kakwambia uje saa hizi?" alimaka, akificha mikono mgongoni. "Rudi ukazunguke mfereji mara moja, halafu uje upya. Mimi sijakuona."

Kilomita hakucheka. Na huyu ndiye mtu ambaye, siku ya kwanza alipoleta gurudumu lenye spoki tatu zilizokatika, alicheka na fundi wake mpaka akasahau gurudumu lenyewe. Jina la Kilomita alipewa na Fundi, kwa sababu hakuna alichokiona bila kukipima. Kazi yake ilikuwa kuzipita njia za baiskeli na kuziandikia maelezo, na mazoea ya kazi yalimfuata hata kwenye mapenzi. "Kutoka mlangoni mpaka ulipo ni hatua tisa," alimwambia jioni moja, "na nane kati ya hizo ni za kupoteza muda."

Leo alisimama mlangoni, hatua zote tisa zikiwa baina yao.

"Nina neno," alisema. "Nataka ulisikie kabla sijapanda zile ngazi."

Miezi minane Fundi alikuwa amempenda mtu huyu bila kupiga breki, na kila mwanamke aliyependa hivyo huwa ana maswali yake ameyaweka tayari.

"Una mke?"

"Sina."

"Mtoto mahali?"

"Sina."

"Unaumwa?"

"Mimi mzima."

"Basi ngoja ninawe. Mengine yote yanazungumzika."

"Njia ya saba," Kilomita alisema. "Ile aliyoangukia kaka yako. Niliiandika mimi."

Fundi alikuwa ameshafungua bomba. Maji yaliendelea kumwagika kwenye karai, na yeye akabaki anayatazama.

Kitabu cha njia za baiskeli kilikuwamo karibu kila nyumba mjini pale. Njia thelathini na mbili: za ukingoni mwa mifereji kwa wenye watoto, za msituni kwa wapendanao, za milimani kwa wenye mapafu. Hakikuwa na jina la mwandishi, bali muhuri wa ofisi tu. Nyumbani kwa kina Fundi kilikuwamo zamani, mpaka siku kaka alipotolewa hospitali na vyuma kwenye nyonga. Siku hiyo mama alikitia motoni na jalada lake, akaapa kwamba aliyekiandika akimtia machoni, watajuana.

"Rudia," Fundi alisema polepole.

"Niliiandika mimi. Miaka mitatu iliyopita."

"Uliniambia kazi hii umeianza juzijuzi."

"Wewe ndiye uliyedhani hivyo. Mimi sikukusahihisha."

"Na umejua lini kwamba aliyeanguka ni kaka yangu?"

"Siku uliyonisimulia. Ofisini tulipata barua tu, kwamba kuna mwendeshaji kaumia. Haikutaja mtu."

Fundi alihesabu. Alikuwa amemsimulia wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu ikining'inia juu ya maji, na Kilomita alikuwa amemshika mkono mpaka mwisho wa hadithi. Alidhani ule ukimya ulikuwa huruma.

"Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano unakula na mimi, unacheka na mimi, na hili umelikalia!"

"Kila wiki nilisema wiki hii namwambia."

"Ulikosea nini kule? Niambie. Mimi ni fundi, nitaelewa."

Akamwambia. Katika kazi yao njia hupitwa kutoka ncha zote mbili, maana mlima wa kupanda na mlima wa kushuka si mlima mmoja. Kisha mtu wa pili, wanayemwita msomaji, huipita akiwa na ukurasa tu mkononi, asimuulize mwandishi chochote. Njia ya saba ilikuwa ya mwisho. Mvua ilikuwa inanyesha wiki nzima na mpiga chapa anasubiri. Kilomita aliipanda, akaandika, akashukia upande wa pili ambako kulikuwa na barabara nzuri. Maelezo ya kushuka aliyatunga mezani, akisoma yale ya kupanda kinyumenyume. Sahihi ya msomaji akaitia mwenyewe.

"Niligeuza maandishi," alisema, "sikugeuza baiskeli. Ile kona ukiipanda ni kona ya kitoto, unaipita unapiga mluzi. Ukiishuka, unatoka kwenye jua unaingia kwenye giza la miti ghafla, na kona inajikunja mara mbili. Mimi niliandika: kilomita mbili za raha, achia breki."

Sasa, kuna jambo ambalo Fundi hakuwahi kumwambia binadamu. Usiku wa kuamkia safari ile, yeye ndiye aliyemfungia kaka yake raba mpya za breki, mbele na nyuma. Raba mpya hazishiki sawasawa mpaka zitembezwe kidogo. Alikuwa amekusudia kumwambia kaka yake azizoeze kwanza huku bondeni. Asubuhi akaja mteja mwenye pancha, akasahau. Miaka miwili mama analaani kitabu mezani, na miaka miwili Fundi anameza chakula kama anameza kokoto, akijua moyoni kwamba si kitabu, ni raba.

Kwa hiyo aliposikia maneno ya Kilomita, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu. Alipumua. Kumbe si mimi! Halafu akaona haya kwa kupumua huko, na haya ikageuka hasira, na hasira yote ikamwangukia mtu aliyekuwa mbele yake amevaa shati jeupe.

"Sikiliza," alisema huku akisugua mikono kwa nguvu. "Utapanda juu. Utakunywa chai. Utajibu unachoulizwa. Hilo ulilonambia utalimeza."

"Hata mbele ya kaka?"

"Hasa mbele ya kaka."

"Nitakaaje mbele yake, nimtazame ule mguu, nisiseme?"

"Si umenitazama mimi miezi mitano? Mazoezi unayo."

Neno lilimchoma Kilomita, akalipokea. Akasogea, akataka kumshika bega. Fundi akarudi nyuma, na hapo hapo akatamani asingerudi. Mapenzi hayana adabu: yalikuwa bado yamo, mazima, na harufu ya sabuni ya mtu yule bado ilikuwa inampoteza.

"Mficha uchi hazai," Kilomita alisema kwa sauti ya chini.

"Na mropokaji haoi. Nenda kapande ngazi."

*

Juu, mama alikuwa ameisukuma cherehani yake pembeni na kuifunika kitambaa cha maua. Baba, mfungua malango ya mfereji yanayopandisha na kushusha maji ili mashua zipite, alikuwa amevaa shati lake la sikukuu na kukaa karibu na dirisha. Kwa mazoea ya miaka thelathini hakuweza kukaa mahali asipoyaona malango yake. Kaka alikuwa kwenye kiti kirefu, mguu wa kushoto ameunyoosha, fimbo imeegemea ukuta. Zamani alikuwa tarishi wa baiskeli, akipeleka barua mji mzima kabla chai haijapoa. Siku hizi alipokea simu kwenye ghala la mbao.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu," baba alisema. "Tumeambiwa unalipwa kwa kuendesha baiskeli."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimelipwa maisha yangu yote kwa kutazama maji yakipanda na kushuka. Nilidhani hakuna kazi ya ajabu kuliko yangu."

Wakacheka, na chumba kikapata hewa. Mama peke yake hakucheka. Alimimina chai, akamuuliza kuhusu mama yake, ambaye alikuwa muuguzi mstaafu, na dada zake, na kama anajua kupika au ni wale wa kukaa na kusubiri sahani. Kilomita alijibu vizuri. Alijibu vizuri mno, Fundi aliona, kama mtu anayetembea juu ya ubao mwembamba. Gauni lilimbana kifuani.

"Shemeji mtarajiwa," kaka alisema, "ongeza sukari. Nyumba hii tunapunguza maneno, hatupunguzi sukari."

"Nani anapunguza maneno, wewe?" baba alimtania.

Kisha mama akaona kifungo cha shati la Kilomita. Cha pili kutoka juu, kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Mshonaji ni mshonaji. Alivumilia kwa kikombe kimoja cha chai, kisha akainuka, akachukua sindano.

"Huwezi kutoka kwangu na kifungo hicho, watasema nini? Kaa wima. Usivue, nitakishona hapo hapo. Usipumue sana."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akaanza. Kichwa chake chenye mvi za kwanza kilikuwa karibu kabisa na kidevu cha Kilomita. Fundi aliwatazama na machozi yakamlengalenga. Mama yake hakumshonea mtu kifungo kifuani isipokuwa watoto wake. Kidogo tu, Mungu, aliomba. Robo saa nyingine, aage, aondoke.

"Nina swali," kaka alisema.

"Kaka, mwache anywe chai," Fundi aliwahi.

"Anaweza kujibu huku anakunywa. Shemeji, wewe uko ndani ya kazi hiyo. Miaka miwili nimekuwa nikijiuliza, na si kwa ubaya, nataka tu kujua. Yule aliyeandika njia ya saba, unamfahamu?"

Sindano iliingia, ikatoka. Mama hakuinua kichwa, lakini mkono ulipunguza mwendo.

Fundi alimkazia macho Kilomita. Alimwomba kwa macho, akamtisha kwa macho, akamwahidi kwa macho kila kitu ambacho mwanamke anaweza kuahidi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini robo saa tu, mpenzi wangu, robo saa inatosha!

Kilomita alimtazama mpaka akamaliza kuomba. Kisha akamgeukia kaka.

"Namfahamu. Ni mimi."

Chini kule, maji yalisikika yakipita kwenye malango.

"Niliipanda tu," Kilomita aliendelea. "Sikuishuka. Nikaandika kama niliyeishuka. Na nimejua miezi mitano kwamba ni wewe, nikanyamaza. Sina cha kujitetea."

Mama alipitisha uzi mara ya mwisho. Akaufunga fundo, taratibu, kama anavyofunga kazi ya mteja. Akaukata kwa meno, uso wake ukiwa umegusana na shati lile. Akainuka.

"Kifungo chako kimeshika," alisema. "Sasa toka nyumbani kwangu."

"Mama..." Fundi alianza.

"Nimesema atoke! Mimi nilimfundisha mwanangu kutembea mara mbili. Mara ya pili ana miaka thelathini na moja, analia ananificha uso. Atoke kabla sijamtia adabu kwa mkono huu huu."

Kilomita alisimama. Na hapo, Fundi akajua kwamba akinyamaza atakuwa salama maisha yake yote. Mkosaji amepatikana, amekiri kwa kinywa chake, anaelekea mlangoni. Hakuna atakayeuliza habari za raba. Alichotakiwa kufanya ni kumpoteza mtu huyu tu.

"Raba za breki nilifunga mimi!" alisema, na sauti ikamtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Usiku ule. Zilikuwa mpya, hazijazoea, na sikumwambia. Kama kuna wa kufukuzwa, tufukuzwe wawili."

Mama aligeuka kana kwamba amepigwa. Baba akaacha kutazama malango. Lakini kaka alikunja uso tu, kama mtu asiyeelewa lugha anayosemeshwa.

"Breki gani?"

"Zako."

"Breki zilishika, we Fundi. Zilishika barabara. Niliteremka bondeni kote kabla ya kupanda, zilikuwa zimeshazoea zamani." Akamtazama dada yake kwa muda. "Ndiyo sababu hujawahi kunitazama nikitembea?"

Fundi aliitazama fimbo iliyoegemea ukuta.

"Breki hazikufanya kosa. Mimi sikuzigusa. Kitabu kilisema achia, nikaachia. Nilipozigusa, nilikuwa nimeshaingia konani. Miaka yote hii si ungeniuliza tu?"

Fundi akalia. Alilia mbele ya mgeni, akiwa na gauni lake jipya, bila kujifuta, na baba akamwekea mkono kichwani. Mzigo wa miaka miwili ulitoka wote. Na ulipotoka ndipo alipoona ulikokwenda: wote kabisa, hata gramu haikubaki, ulikuwa umemwangukia mtu mmoja aliyesimama kando ya mlango na kifungo chake kipya. Sasa hapakuwa na kisingizio chochote cha kumtetea.

"Ni kweli," Kilomita alisema. "Hakuna mwingine. Fundi, nisamehe, si lazima leo, hata siku nyingine. Kwaherini."

"Ngoja," kaka alisema. "Njia hiyo mmeifunga?"

"Tumebandika tangazo. Watu hawasomi, wanashuka bado na kitabu cha zamani. Nimeiandika upya. Nimeishuka mara kumi na tisa. Kitabu kipya kinachapwa mwezi ujao, lakini ukurasa huo hauna msomaji. Wenzangu wanaikwepa njia yenyewe, na mimi siruhusiwi kujisomea."

"Unao hapo?" Fundi aliuliza.

Alikuwa amefuta machozi kwa kiganja. Kilomita alielewa mara moja, akarudi hatua moja nyuma.

"Hapana."

"Nimeuliza kama unao."

"Ninao. Lakini si wewe, mpenzi. Nitatafuta mtu mwingine. Mtu mwingine yeyote."

"Na mimi nilikuwa nani?" kaka aliuliza, bila kupandisha sauti. "Si nilikuwa mtu mwingine yeyote?"

Kilomita alisimama pale uso umempauka, na Fundi akaona mkono wake ukipanda kwenye mfuko wa shati, ukashuka, ukapanda tena. Hatimaye akautoa ukurasa, umekunjwa mara nne. Hatua alizokuwa nazo kufika kwa Fundi zilikuwa tano. Alizihesabu, mwenyewe hakujua kwamba midomo inacheza.

"Mama yako ananichukia kwa haki," alisema alipomkaribia, kwa sauti ya kusikika na wao wawili tu. "Ukianguka, sitahitaji mtu wa kunichukia."

"Kazi yako unaiamini au huiamini?"

"Naiamini."

"Basi lete."

Vidole vyao viligusana juu ya karatasi ile na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuachia.

"Fundi!" mama aliita. "Ukienda kule, mimi sina tena binti. Umenisikia? Nimeshauguza mmoja!"

"Nimekusikia, mama. Kesho asubuhi saa mbili. Nitashuka kutoka juu na karatasi hii peke yake, na sitamuuliza neno. Ikisema breki, nitabana. Ikisema achia, nitaachia. Nikifika chini, sikuombi umpende. Nakuomba umsikilize, basi."

"Mwambie huyu mwanao!" mama alimgeukia mumewe. "Sema kitu!"

Baba alikohoa. "Mke wangu, binti huyu kila asubuhi anafunga breki za watu mji mzima, nao wanaondoka wanamwamini. Nitamwambia nini kuhusu kuamini?"

Mama alikaa kwenye kigoda chake. Alitazama fimbo ukutani, akatazama cherehani iliyofunikwa, akamtazama binti yake, ambaye alikuwa bado ameshikilia ncha moja ya ukurasa huku mwanamume yule ameshikilia nyingine. Alikaa hivyo mpaka chai ikaota utando.

"Hiyo kona," alisema hatimaye, bila kumtazama yeyote, "kutoka juu ni umbali gani?"

"Kilomita moja na mita mia nne, mama," Kilomita alijibu.

"Gari linafika?"

"Linafika."

"Mtu akisimama hapo anamwona anayeshuka?"

"Anamwona kwa sekunde sita. Kisha anampita."

Mama aliinuka. Akamsogelea mpaka wakawa wamekaribiana kama wakati wa sindano.

"Basi kesho nitasimama hapo. Na wewe utasimama pembeni yangu. Baiskeli sitaitazama, sitaki kuiona. Hizo sekunde sita nitautazama uso wako wewe, nijue wakati mwanangu anakuja unaamini nini."

Ukurasa ulimtoka Kilomita mkononi, ukabaki kwa Fundi.

"Nitasimama, mama."

"Hilo jina," mama alisema, "utaniita kesho. Akifika."